Chale Kabla ya Jino

Ufizi wa chini wa mwanangu ulikuwa umevimba. Niliuhisi kwa kidole, mgumu, wenye joto, na nilipoubonyeza alinikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyempandia hilo jino. Nimesikia ziko nchi ambako mama akigusa ufizi wa namna hiyo huwaita majirani waje washangilie naye. Kwetu hufunga mlango kwanza, halafu hukaa chini afikiri.

Sheria yetu ni fupi, na mimi nimeishi vya kutosha kujua kwamba sheria fupi ndizo za kuogopwa. Mtoto hapewi jina mpaka mzazi anayemlea awe na chale mkononi, au tatuu kama vijana wanavyoiita, na chale hiyo sharti iwe picha ya pale ukoo ulipoanzia. Mtoto akiota jino kabla ya kupewa jina, ni wa Jumba la Utamu, wale wanaonunua kakao yetu na kutengeneza chokoleti. Wanakuja kumchukua kwa adabu zao zote, na kitambaa cheupe, na shikamoo kwa kila mzee. Wanasema kiumbe chenye uwezo wa kuuma na kisicho na jina kinaweza kumuuma yeyote, kwa hiyo heri kilelewe na wenye nchi. Huko atakula vizuri na kulala pazuri, na siku nikipishana naye barabarani hatanijua. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likinila moyo.

Utasema, si uchore chochote? Wako waliojaribu. Jirani yangu Anyosisye alichora simba, ilhali ukoo wao mzima unajulikana kwa kukimbia mbwa. Mtoto akapewa jina, jina likamteleza. Ukimwita hageuki. Unamwita mpaka koo linakauka, yeye anatazama mbele tu, na mwisho Jumba likaja likamchukua naye vilevile, kwa sababu jina lisiloitikiwa si jina. Basi nikawa na hofu mbili, ya jino na ya uongo, na katikati yake mtoto ananyonya hana habari.

Baba yake alikuwa na chale ya mto. Mito haikai. Simlaumu sana, mkono wake alinionyesha mapema, mimi ndiye niliyekuwa natazama uso. Bibi yangu Subilaga, aliyenilea na kuniita Tusekile, alikuwa na chale pia, lakini maisha yake yote mkono ule ulikuwa ndani ya marundo ya kakao, na joto na uchachu wa kakao vikaila ile picha hadi likabaki doa la rangi ya moshi. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza doa lile lilikuwa nini. Akasema, "Sisi tulianzia kwenye kakao." Nilipotaka kuuliza zaidi nikaona nina muda, nitauliza kesho. Halafu akafa, na kesho yangu ikazikwa naye.

Fundi Ambilikile huchanjia barazani kwake, na ukutani ametundika vitambaa vyenye michoro ili mteja achague kama anavyochagua kanga. Nilimkuta anakunywa chai.

"Karibu, dada. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ila ufizi."

Akaweka kikombe chini. "Basi tusipoteze muda. Umechagua nini?"

"Kakao."

Akanishushia kitambaa. Ulikuwa mti mzuri, wenye majani yaliyopangwa, na kwenye ncha za matawi zilining'inia kakao kwa vikonyo virefu.

"Hii siyo," nikasema.

"Siyo vipi? Hii ndiyo wanayoipenda wote."

"Hayo uliyochora ni maembe. Kakao haining'inii huko nchani. Inaota kwenye shina lenyewe, imeganda pale kama kupe kwa ng'ombe."

Alicheka hadi mtoto akashtuka. "Dada yangu, mti wa hivyo utaonekana mgonjwa. Watu wanataka kinachopendeza."

"Watu wanataka watoto wao wageuke wakiitwa."

Hapo hakucheka. Aliisugua sindano yake kwa limau, akaitazama. "Sawa, niseme nakuchorea shinani. Bado sindano haitaridhika. Haiulizi mlilima nini, inauliza mlianzia wapi. Kakao ni kitu, siyo mahali, na kila mtu anajua si ya hapa, ililetwa. Ilianzia wapi? Kajue kwanza, kisha uje. Sifungi."

"Na jino je?"

"Jino halinisikii mimi, dada."

Nilimfunga mwanangu mgongoni nikatoka. Nilikasirika, nakiri. Mtu ana mtoto mgongoni na adui ndani ya kinywa cha mtoto, anatumwa akatafute chanzo cha chokoleti. Lakini kuuliza si ujinga, na mahali pa kwanza pa kuuliza habari za chokoleti ni pale pale nilipokuwa napakimbia.

Jumba la Utamu liko mlimani na halina mlango uliofungwa. Hilo ndilo linalotisha. Harufu yake inashuka hadi sokoni, na mtu mwenye njaa akiivuta huanza kupanda bila kukusudia. Niliingia. Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu wasiosema, wanakunja karatasi za dhahabu juu ya vipande vya rangi ya udongo. Aliyenijia alikuwa kijana, msafi kupita kiasi. Nilimtambua kwa kitambaa cheupe begani. Watoto wa Jumba hawana majina, huitwa kwa kazi zao, na huyu alikuwa Mkaguzi wa Meno.

"Karibu, mama. Umemleta mwenyewe?"

"Sijamleta. Amelala," nikasema. "Nimekuja kuuliza. Chokoleti inaanzia wapi?"

Akanyoosha mkono kuonyesha meza, kama anayesoma ubao. "Hapa. Kabla ya hapa kulikuwa na uozo na nzi. Sisi ndio tulioupa jina. Kisicho na jina hakijaanza."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Ndiyo dini yao yote, ndiyo maana wanachukua watoto wetu. Mwenye karatasi ya dhahabu ndiye mwenye chanzo. Ukiwa na la kufungia, unaweza kusema dunia ilianza siku ulipoifunga. Na sisi tunaokubali, sisi tunaonunua kilichotoka mikononi mwetu na kusema ahsante, nani alitufunga? Nilimtazama yule kijana nikaona hadanganyi. Alikuwa anasema alichoambiwa, na hakuwahi kuambiwa kingine.

Alinisindikiza kuelekea mlango wa nyuma. Tulipofika pasipo na mtu alisimama, akatazama nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Mama, wewe umewahi kuuona mti wenyewe?"

"Nimezaliwa chini yake."

"Ni kweli matunda yanaota kwenye shina?"

Nikamweleza. Nilimweleza shina lenye madoa, maua madogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, majani machanga yanayotoka mekundu na kulegea kana kwamba yanaona haya, na kivuli chake kizito ambacho ndani yake hakuna jua wala hakuna giza. Nilimweleza utando mweupe unaozizunguka mbegu, mtamu, ambao tukiwa watoto tulinyonya mpaka midomo ikakwaruzika. Alisikiliza huku kinywa kikiwa wazi. Aliniuliza magome yako vipi, mizizi iko vipi, ukipanda juu unashika wapi. Kwa muda ule alikuwa mdogo sana. Halafu akakumbuka kazi yake, akaugusa mguu wa mwanangu kwa kidole kimoja.

"Nitapita kwenu leo," akasema. "Samahani, mama."

Mlango wa nyuma wa Jumba ulifunguka kwenye majani makavu. Mtu aliyekulia kwenye kakao anayajua majani hayo, yanaanguka mwaka mzima na hayaozi haraka, ukitembea yanapiga kelele kama mtu anayechana magazeti. Nilitembea. Jua lilikuwa pale pale. Miti ikazidi kuwa mirefu, na sikuona tena mashina yaliyopangwa mstari na mtu, nikajua nimetoka kwenye shamba nimeingia msituni, na msitu huu ulikuwapo kabla ya Jumba, pengine kabla ya mlima. Mtoto alizidi kuwa mzito mgongoni. Kuna wakati nilihisi ni mimi niliyebebwa, na anayenibeba anahema.

Nilianzia wapi. Swali hili si langu, nimetwishwa. Mbegu haijiulizi. Nani anayefaidi nikijiuliza? Na nisipojiuliza, nani atajibu kwa niaba yangu? Ndiyo yale, mkataa kwao mtumwa, lakini asiyejulishwa kwao je, tumwiteje? Nilisema maneno haya kwa sauti na hakuna aliyeyapinga.

Chini ya mti mmoja alikaa mwanamke mbele ya jiwe pana, anasaga. Sura yake haikuwa ya kwetu, wala lugha yake, lakini nilimwelewa kama unavyomwelewa mtu ndotoni. Alikuwa anasaga mbegu za kakao pamoja na pilipili, akanipa kibuyu ninywe. Kilikuwa kichungu hadi machozi yakanitoka.

"Hii ndiyo chokoleti?" nikauliza.

"Hii ndiyo, kabla hawajaionea haya."

"Basi nyinyi ndio mlioianza."

"Sisi?" Alicheka, akaonyesha juu kwa kidevu. Matawini walikaa tumbili, wamepasua tunda, wananyonya ule utando mtamu na kutema mbegu. Moja iliangukia jiwe lake, akaisaga. "Muulize yule. Sisi tuliokota walichotema. Baadaye wakaja watu kwa merikebu, wakaokota tulichosaga. Kila mmoja alisema kilianzia kwake."

"Na wewe unasema kilianzia wapi?"

"Mimi nasaga," akasema.

Nilikaa chini nikalia. Sikuona haya kulia mbele yake. Nilikuwa nimekwenda hadi mwisho wa swali nikakuta mate ya tumbili. Ningemwambia nini Fundi Ambilikile, anichoree mnyama anatema? Mwanangu aliamka akaanza kutafuna bega langu kwa ufizi wake, kwa nguvu, kama anayetaka kutokea upande wa pili. Nilijua bado kidogo tu. Niliinuka nirudi, angalau nikampokee Mkaguzi mlangoni pangu mwenyewe.

Nikarudi kwa njia ile ile, na njia ile ile haikunirudisha mahali pale pale. Mashina yalianza kupangika tena, lakini machanga, yamenifikia kiunoni. Nikasikia mtu anatukana. Kwenye uwazi mdogo alisimama msichana, mdogo kwangu kwa miaka mingi, kanga imelowa damu ya uzazi, mtoto mchanga kifuani, na mbele yake rundo la mbegu za kakao likiwa wazi kabisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa laini, hauna chale wala doa. Kwa matusi yale nilimjua. Hakuna mwingine aliyeweza kumtukana nzi mpaka akaondoka.

"Bibi," nikasema.

"Bibi yako nani? Mimi nimejifungua leo asubuhi." Akanitazama, akautazama mgongo wangu, hasira zikapungua. "Njoo unisaidie. Wananifukuza."

Mtu asiyelima kakao hawezi kuelewa kosa lililokuwa mbele yetu, basi nilieleze. Mbegu ikitoka kwenye tunda haina ladha ya chokoleti hata kidogo. Lazima ivundikwe. Unaikusanya rundo, unaifunika kwa majani ya mgomba, unaigeuza kwa siku zake, na ndani ya rundo panapanda joto la kuunguza mkono. Joto hilo linaua kile kiini cha uhai ndani ya mbegu, kile ambacho kingekuwa mti. Kikifa, ndipo utamu unapoanza kuja. Usipofunika, rundo linabaki baridi, mbegu hazifi. Zinachipua. Na mbegu iliyochipua Jumbani huitwa punje mbovu, wanaitupa, na aliyeiachia hufukuzwa.

"Siku hizo zote nilikuwa na uchungu wa kumzaa mama yako," akasema bibi yangu, kana kwamba sasa amekubali mimi ni nani. "Ningefunikaje? Msimamizi amekuja kasema samaki mmoja akioza wote wameoza, toka na uozo wako. Sawa. Nimetoka nao."

Nikainama. Rundo zima lilikuwa limepasuka. Kila mbegu ilikuwa imetoa kimzizi cheupe, kimepinda, kinene kuliko nilivyotarajia, kinatafuta chini. Yeye alikuwa anazipanda moja moja kwa kisigino, mtoto ananyonya.

"Kabla ya rundo hili tulianzia wapi?" nikamwuliza.

"Kabla ya hili tulikuwa watu wa Jumba. Tulikuwa tunavundikwa tu." Akafukia nyingine. "Nimechoka kuua vitu ili viwe vitamu. Nipe ile."

Nikampa. Mikono yetu ilifanana. Nilitamani kukaa naye mpaka miti ile ikue, nimwulize yote niliyoahirisha, lakini mwanangu alilia kilio kipya, kikali, na bibi akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda, mjinga wewe. Huoni mtoto anaota jino?"

Nikakimbia. Njiani nilifikiri jambo moja tu na ninalifikiri hadi leo: ni nani aliyeamua kwamba kazi ya mbegu ni utamu?

Fundi Ambilikile hakuwa amefunga. Nilimchorea kwa mkaa sakafuni nilichotaka: mbegu moja, imepasuka, na mzizi wake. Alitazama akatikisa kichwa.

"Dada, hii ni punje mbovu. Kila mtu wa Jumba ataisoma mkononi mwako. Hawatakupa kazi, hawatanunua kakao yako."

"Utachanja au hutachanja?"

"Nakuuliza kwa kukuhurumia. Mwanao atabeba sifa hii."

"Mwanangu atabebwa leo hii usipochanja, fundi."

Akakichukua kigoda chake. Masizi yakaingia na damu ikatoka, na sikulia, machozi yangu nilikuwa nimeyaacha msituni. Mbegu ilikuwa imeshakamilika, bado mzizi, tulipoona kivuli barazani. Mkaguzi wa Meno, aliyenikosa nyumbani, alivua viatu.

"Shikamoo, fundi. Hujambo, mama."

Fundi akasita. Chale isiyokamilika si chale, sisi sote watatu tulilijua hilo. "Endelea," nikamwambia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini ya sindano, wa kulia umemshika mtoto pajani. Sikuwa na mkono wa tatu wa kumzuia mtu.

Mkaguzi akapiga magoti. Akautazama mkono wangu kwa muda, akiifuata ile picha kwa macho kutoka mwanzo wake hadi pale sindano ilipofika. Kisha akafungua kitambaa chake, akapangusa kidole, akakiingiza kinywani mwa mwanangu.

Mwanangu akauma. Niliyaona mabega ya Mkaguzi yakishtuka, nikaiona shingo yake ikikaza. Hakukitoa kidole. Alikaa hivyo, na fundi naye akachanja kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake, mzizi ukashuka, ukapinda, ukaishia karibu na kifundo cha mkono. Ndipo Mkaguzi akatoa kidole, akakiviringisha ndani ya kitambaa cheupe, akafumba ngumi juu yake.

"Bado," akasema. "Hana kitu."

Nikamwita mwanangu. Nilimwita Syabumi, jina lililonijia njiani nikikimbia, na hofu yangu yote ikakusanyika kwenye shingo yake ndogo ili nione kama itageuka. Ikageuka. Alinitazama, mdomo una damu isiyo yake, akacheka. Fundi Ambilikile akaenda kusimama pembeni, akatugeuzia mgongo.

Furaha yangu haikudumu. Nilitoka nikamkuta Mkaguzi anavaa viatu kwa mkono mmoja, na kitambaa kimeanza kuwa chekundu.

"Watakuuliza," nikamwambia.

"Kesho asubuhi. Wanatukagua mikono kila siku. Mwenye jeraha hagusi chokoleti mpaka aseme amelipatia wapi." Alisema hivyo bila kunitazama. "Nitawaambia nimechomwa na mwiba wa mkakao."

"Mwanangu, mkakao hauna miiba."

"Najua," akasema. "Ulinieleza mti mzima. Lakini wao, nani amewaeleza?"